Mbunge wa Saa Tatu

"Picha hii haithibitishi kitu," alisema Mzee Kanuni. Akaisukuma juu ya meza kwa ncha ya kidole, kama mtu anayeondoa mdudu kwenye sahani.

Inspekta Kupe aliiacha picha palepale. Ilikuwa Jumatano, saa tatu na nusu asubuhi, kwenye chumba cha kamati cha jengo jipya la Bunge. Kuta zilikuwa bado zinanuka rangi, na nusu ya viti ilikuwa haijavuliwa nailoni. Chini ya dirisha nyundo ya fundi mchongaji iligonga jiwe bila haraka, ko, ko, ko. Fundi alikuwa akichonga majina ya wabunge wote waliowahi kuketi katika nchi hiyo, Bunge baada ya Bunge. Ukuta ulikuwa ufunguliwe Jumamosi.

"Angalia nyuma yake," Mzee Kanuni aliendelea. "Mabenchi ya mbao. Ukumbi wa Bunge la Tatu ulikuwa na viti vya ngozi nyekundu tangu siku ya kwanza. Mimi nilikuwa Karani wa Meza, nilikaa humo kila siku. Na hicho kitambaa cha mezani, tumia lenzi yako, mama. Soma."

Kupe alitoa lenzi akainama. Mwanamke wa kwenye picha alikuwa ameinua mkono wa kuume, kifua mbele, uso umekaza. Pembeni mwa kitambaa cha meza palionekana herufi tano zilizotariziwa: W, A, K, U, N.

"Chama cha wakunga," alisema.

"Siku aliyoapishwa kuwa mweka hazina wa chama chao. Umeniletea kiapo cha chama ukidhani ni kiapo cha Bunge."

"Nimekosea," Kupe alisema, akaitia picha mkobani.

Alikuwa amestaafu polisi miaka mitatu iliyopita, baada ya miaka ishirini na sita katika kitengo cha nyaraka za kughushi. Jina la Kupe alipewa na washitakiwa, kwa sababu akishika haachii. Alilizoea hadi akaliandika kwenye kibao cha ofisi yake ya upelelezi. Wiki tatu kabla ya siku hiyo, mwanamke mmoja, mwalimu mkuu wa shule ya msingi, aliingia ofisini humo akaketi bila kukaribishwa. "Mama yangu alikuwa mbunge," alisema. "Vitabu vinasema hakuwa. Ana miaka themanini na moja. Sitaki afe akiitwa mwongo."

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Bunge la Tatu lilikuwa na viti mia moja na kumi na tisa. Mbunge wa kiti cha themanini na nne alifariki, ukafanyika uchaguzi mdogo, na mkunga mmoja wa hospitali ya wilaya akashinda. Alitakiwa kuapa tarehe tisa, mwezi wa tano. Lakini orodha rasmi ilisema Bunge lilikoma kuwapo kabla ya hapo, na kiti cha themanini na nne kikaandikwa "wazi". Ndivyo fundi alivyokuwa amekwisha kukichonga. Wabunge tisa tu wa wakati huo walikuwa bado hai. Wawili walimkumbuka mkunga. Mzee Kanuni, ambaye sasa alikuwa mshauri wa kamati ya ukuta, alikataa maneno yao. Kumbukumbu za wazee si hati, alisema.

"Nisomee tena tangazo," Kupe alimwambia.

Mzee Kanuni hakuhitaji kulisoma. Alilijua kwa moyo. "Bunge la Tatu linavunjwa kuanzia saa sita, tarehe tisa, mwezi wa tano."

"Saa sita ipi?"

"Ya usiku. Tarehe tisa ilipoingia, Bunge likatoka. Waliokusanyika ukumbini asubuhi yake walikuwa raia kama wewe na mimi. Hata kama huyo mama aliinua mkono, aliapa mbele ya watu, si mbele ya Bunge."

"Tangazo halisemi usiku."

"Halisemi mchana pia."

"Kiswahili chetu kina saa sita mbili kila siku, mzee wangu."

"Basi leta hati inayosema ni ipi," alijibu Mzee Kanuni, akasimama. Alikuwa mrefu, suti imepigwa pasi ikakubali, na miaka sabini na minne ilikuwa haijampinda mgongo. "Kesho saa nne kamati inafunga orodha. Baada ya hapo ni jiwe, na jiwe halina kifutio."

*

Nyumba ya Bibi Mkunga ilikuwa mwisho wa barabara ya vumbi nyuma ya hospitali. Mwenyewe alikuwa sebuleni akifuma soksi za kichanga, miwani imefungwa kamba shingoni. Binti yake, yule mwalimu mkuu, alisimama mlangoni mikono kifuani. Habari ya picha alikwisha kuambiwa kwa simu.

"Shikamoo, mama," Kupe alisema.

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Huyu amenuna tangu asubuhi. Nimemwambia ile picha ni ya chama, kama angeniuliza ningemwambia. Lakini mwalimu huuliza wanafunzi tu."

"Mama," binti alisema.

"Nimenyamaza."

Kupe alifungua daftari. "Nieleze siku ile tangu ulipotoka nyumbani. Usiniambie ulivyojisikia. Niambie ulichofanya."

Bibi Mkunga aliweka sindano chini. Alisema alitoka saa kumi na mbili na nusu, amevaa viatu vya shemeji yake, kwa kuwa vyake vilikuwa vya wodini. Vya shemeji vilikuwa vidogo. Alifika saa mbili. Saa tatu kamili Spika alimwita mezani, akaapa, akaandika jina lake katika kitabu cha viapo, na kijana mrefu aliyekuwa Karani wa Meza akalikausha kwa karatasi ya kunyonya wino.

"Kijana mrefu," Kupe alirudia.

"Mrefu, nadhifu."

"Halafu?"

"Nikaonyeshwa kiti changu. Nikakaa, nikavua viatu chini ya kiti, kimyakimya, maana vidole vilikuwa vinalia. Wakawa wanasoma muswada wa wakunga, mara ya tatu na ya mwisho. Ulisema kila mkunga apate mafunzo na leseni, na kila wodi ya wazazi iwe na mmoja usiku na mchana. Wakabishana. Spika akasema kura zihesabiwe kwa kusimama. Waliokataa wakasimama, wakawa hamsini na tisa. Wanaokubali wakasimama, wakawa hamsini na tisa."

"Na wewe?"

"Mimi nilikuwa nimeinama natafuta kiatu." Bibi Mkunga alicheka, mabega yakamtikisika. "Kimoja nilikipata, cha pili kimesogezwa na jirani. Spika akasema, 'Mheshimiwa wa themanini na nne, uko upande gani?' Nikasimama na kiatu kimoja. Nikawa wa sitini."

Mwalimu mkuu alishusha mikono. Hadithi hiyo, ilionekana, alikuwa hajawahi kuisikia yote.

"Saa sita mchana askari waliingia," Bibi Mkunga aliendelea. "Wakasema tokeni. Tukatoka. Nilikuwa mbunge kwa saa tatu. Nikarudi wodini, wenzangu wakaniita Mheshimiwa Hewa. Sikujali, watu lazima wacheke. Ila mwaka wa pili yake nilijaza fomu ya kazi, nikaandika 'mbunge wa zamani'. Wakanisimamisha mwaka mzima kwa kusema uongo katika fomu ya serikali. Huyu alikuwa darasa la tatu. Tulihamia kwa shemeji."

Kupe alikuwa ameacha kuandika. Alikuwa akitazama fremu ndogo ukutani, juu ya redio. Aliinuka akaisogelea.

*Leseni ya Ukunga. Imetolewa chini ya Sheria Namba 14.*

"Mama, hii Sheria Namba 14 ndiyo ule muswada?"

"Ndiyo huohuo. Watu husema ni sheria ya mkuu wa nchi, kwa kuwa alitia sahihi wiki mbili baadaye. Alitia sahihi tu. Mimba haikuwa yake."

"Mkuu wa nchi alipolivunja Bunge, alitawala kwa nini?"

"Kwa amri. Amri ya Kwanza, ya Pili, ya Tatu. Miaka sita tulikula amri."

"Amri," Kupe alisema. Aligeuka. "Siyo sheria. Hakuna kilichotoka kwake peke yake kikaitwa sheria. Kinachoitwa sheria lazima kiwe kimezaliwa na Bunge. Namba 14 ilizaliwa lini?"

Alikuwa amekwisha kuchukua mkoba wake.

*

Maktaba ya Bunge ilikuwa ghorofa ya pili. Mkutubi, mwanamume mnene mwenye sauti ya chini, alimletea juzuu ya mwisho ya Taarifa Rasmi ya Bunge la Tatu. Kupe hakuanza kusoma. Kwanza alikifunga kitabu, akakitazama kwa juu mahali kurasa zinaposhonwa. Kisha akakifungua mwishoni.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa wa kikao cha tarehe tano. Siku hiyo Bunge lilipitisha Sheria Namba 13, kuhusu vipimo vya ardhi, likaahirishwa hadi tarehe tisa saa tatu asubuhi. Baada ya hapo palikuwa na jalada tupu. Lakini kati ya ukurasa wa mwisho na jalada, uzi wa kushonea ulikuwa umeshika vipande vinne vyembamba vya karatasi, upana wa kucha.

"Wembe," Kupe alisema.

Mkutubi aliinama. "Nimekaa hapa miaka kumi na minane. Sikuwahi kuona."

"Kitabu kikiishia pazuri, nani atakipekua tena? Bunge lililokufa usiku haliwezi kuwa na kurasa za asubuhi za kukatwa."

"Basi umepata."

"Bado. Nimepata tundu, sijapata kilichokuwemo. Atasema zilikuwa kurasa tupu." Alifunga kitabu. "Sheria ikipitishwa, nakala halisi huandikwa ngapi?"

"Tatu. Sio zile za kuchapwa za dukani, hizo huwa na tarehe ya sahihi ya mkuu wa nchi tu. Nakala halisi huwa na ukurasa wa mwisho wa uthibitisho. Moja hubaki hapa, moja huenda Ikulu, moja masjala ya Mahakama Kuu."

"Ya hapa?"

Mkutubi alikwenda, akakaa robo saa, akarudi akipangusa vumbi mikononi. "Kumi na tatu ipo. Kumi na nne haipo. Bahasha ipo, ndani hewa."

"Ikulu?"

"Utaandika barua, utajibiwa baada ya mwezi."

Saa nane na dakika kumi Kupe alikuwa anashuka ngazi za masjala ya Mahakama Kuu, ambayo ilikuwa chini ya jengo, taa zake za mirija zikilia kama nyuki. Karani wa masjala alikuwa mwanamke wa makamo mwenye kalamu nyekundu nyuma ya sikio moja na ya buluu nyuma ya jingine.

"Tunafunga saa tisa na nusu," alisema kabla ya salamu.

"Habari za kazi, dada. Natafuta sheria moja tu, ya miaka arobaini na moja iliyopita."

"Sheria za zamani hazitafutwi na watu wazima wenye akili zao. Ni ya nini?"

"Wakunga."

Karani alimtazama. "Mimi nilizaliwa miguu ikitangulia," alisema. "Mama hunisimulia kila Krismasi. Bila mkunga tungezikwa wawili. Njoo huku."

Walipita kati ya rafu hadi nyuma kabisa. Faili zilikuwa zimefungwa kwa utepe mwekundu uliogeuka waridi. Karani alihesabu kwa kidole: kumi na mbili, kumi na tatu, kumi na nne. Alivuta. Vumbi likashuka, wote wawili wakapiga chafya.

Kupe alivaa glavu, akafungua moja kwa moja ukurasa wa mwisho. Alisoma mara mbili, midomo ikicheza bila sauti. Kisha akausogeza kwenye mwanga akatazama muhuri. Kisha sahihi. Alitoa mkobani barua aliyoandikiwa na kamati ya ukuta wiki iliyopita, akaiweka kando ya ile sahihi. Herufi ya kwanza ilikuwa na mkia uleule, umevutwa chini ukakatwa ghafla.

"Dada," alisema, "mnayo daftari ya watu wanaoomba kutoa nyaraka?"

"Tunayo. Lakini nyaraka iliyopokelewa hapa haitoki bila amri ya jaji. Watu huomba, tunawaandika, tunawanyima."

"Nionyeshe mwezi wa tano na wa sita wa mwaka ule."

Daftari ilikuwa nzito kama mlango. Ombi lilikuwa la tarehe kumi na saba, mwezi wa tano, mstari wa pili kutoka juu. Kupe aliweka kidole hapo, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alitabasamu.

"Nipigie nakala mbili," alisema. "Uzigonge muhuri wa mahakama, na uandike saa."

"Saa tisa na dakika ishirini. Una bahati."

"Andika ni ya mchana, tafadhali."

*

Alhamisi saa nne chumba cha kamati kilikuwa na watu wanne. Katibu wa Bunge, mwanamume wa miaka hamsini mwenye macho ya kukosa usingizi, aliketi kichwani mwa meza. Mzee Kanuni alikuwa kuliani kwake. Upande wa pili waliketi Inspekta Kupe na yule mwalimu mkuu.

"Nina maswali matatu tu kwa mzee wangu," Kupe alisema. "La kwanza. Bunge la Tatu lilikuwa na wapiga kura wangapi ukumbini likijaa?"

"Mia moja na kumi na tisa. Kila mtu anajua."

"Spika je?"

"Spika hakuwa mbunge. Hakupiga kura."

"La pili. Kiti cha themanini na nne kikiwa wazi, wanaoweza kupiga kura ni wangapi?"

"Mia moja na kumi na nane. Hiyo ni hesabu ya watoto."

"La tatu. Mtu aliyechaguliwa lakini hajaapa anaweza kupiga kura?"

Mzee Kanuni alitabasamu. Hapo alikuwa nyumbani kwake. "Kanuni ya nne. Haruhusiwi kuketi, kusema wala kupiga kura kabla ya kiapo. Niliiandika kwa mkono wangu."

"Ahsante," Kupe alisema. Akamsogezea Katibu karatasi. "Mheshimiwa Katibu, soma kwa sauti."

Katibu alivaa miwani. "'Mimi, Karani wa Meza, nathibitisha kwamba muswada huu umesomwa mara ya tatu na kupitishwa na Bunge leo tarehe tisa, mwezi wa tano, saa nne na robo asubuhi. Kura za ndiyo, sitini. Kura za siyo...'" Alisita. "'Hamsini na tisa.'"

Mwalimu mkuu alikuwa akihesabu, ilionekana usoni, na alipomaliza aliweka kiganja mdomoni.

"Jumla mia moja na kumi na tisa," Kupe alisema. "Ukumbi ulijaa. Kiti cha themanini na nne kilikuwa na mtu, mtu huyo alikuwa ameapa, na kura yake ndiyo iliyopitisha sheria. Chini kuna muhuri wa masjala. Ilipokelewa siku hiyohiyo, saa tano na dakika tano asubuhi, saa moja kasoro dakika tano kabla askari hawajaingia."

"Sahihi huweza kughushiwa," Mzee Kanuni alisema. Sauti ilikuwa bado imenyooka.

"Huweza. Nimekula mshahara wa kazi hiyo miaka ishirini na sita. Ndiyo maana nimeleta karatasi ya pili." Aliiweka mezani. "Daftari ya maombi ya masjala. Tarehe kumi na saba, siku nane baada ya Bunge kuvunjwa, mtu aliomba arudishiwe Sheria Namba 14 'kwa marekebisho'. Akanyimwa. Jina lako, mzee wangu, cheo chako na sahihi yako. Mtu haendi kudai mtoto ambaye hakuzaliwa."

Mzee Kanuni hakuigusa karatasi.

"Hata hivyo," alisema, "bado naweza kushikilia kwamba Bunge lilikuwa limevunjwa usiku. Basi kura hiyo ilikuwa batili."

"Unaweza," Kupe alisema. "Lakini kura ikiwa batili, sheria ni batili. Na kama sheria ni batili, kila mkunga wa nchi hii amefanya kazi bila leseni kwa miaka arobaini na moja. Kamati iandike hivyo, itangaze Jumamosi mbele ya wageni. Saa sita ni moja tu, haiwezi kuwa usiku kwa yule mama na mchana kwa sheria yake. Chagueni."

Katibu wa Bunge alivua miwani. "Binti yangu amejifungua mwezi uliopita," alisema taratibu. "Mapacha." Akamgeukia aliye kuliani kwake. "Mzee, nakuuliza mimi sasa. Ilikuwa saa sita ipi?"

Nyundo ya fundi chini ya dirisha iligonga mara tano au sita.

"Ya mchana," alisema Mzee Kanuni.

Mgongo wake, uliokuwa haujapinda, ulilegea ukagusa kiti. "Walikuja watatu nyumbani kwangu jioni ile. Wakasema hakuna mbunge aliyetolewa kwa bunduki, kwa sababu asubuhi ile hapakuwa na Bunge. Wakaniachia wembe mezani, wembe mpya, ndani ya karatasi yake. Nilikata kurasa, nikang'oa jani la kitabu cha viapo, nikavichoma jikoni. Hii ya masjala nilikuwa nimeituma kwa tarishi kabla hawajaja. Sikuipata tena. Nilikuwa na watoto wanne."

"Yeye alikuwa na mmoja," Kupe alisema.

Mwalimu mkuu aliinuka. Kwa muda ilionekana angesema mengi, maana mwalimu hakosi maneno. Alisema moja tu. "Nilikuwa darasa la tatu, mzee. Nilipigana na wenzangu mara mbili kwa ajili ya hiyo saa sita."

Mzee Kanuni aliinamisha kichwa. "Nitamwomba radhi mwenyewe," alisema. "Mkinipeleka."

"Utaandika kwanza," Katibu alisema, akamsukumia karatasi nyeupe na kalamu. "Yote uliyosema, na tarehe, na saa." Naye mwenyewe alivuta karatasi nyingine, akaandika kwa mkono, kwa herufi kubwa, akisoma kila neno: Bunge la Tatu lilikoma tarehe tisa, mwezi wa tano, saa sita mchana. Wabunge mia moja na kumi na tisa. Kiti cha themanini na nne, si wazi.

*

"Nane kuwa tisa?" fundi mchongaji alisema, akikuna kidevu kwa patasi na kuitazama jumla ya wabunge aliyokwisha kuichonga juu ya safu, 118. Alikuwa amepanda kwenye jukwaa la mbao, vumbi jeupe hadi kope. "Mngesema tisa iwe nane, ningeongeza mkunjo mmoja nikaenda kula. Nane kuwa tisa ni kung'oa kipande na kupachika kingine."

"Unaweza?" Kupe aliuliza.

"Naweza. Nilitaka tu mjue ni kazi."

Ilikuwa Ijumaa asubuhi. Kile kipande kilichochongwa "wazi" kilikuwa kimekwisha kung'olewa tangu jana, na mahali pake palikuwa na jiwe jipya, laini, lisilo na neno. Bibi Mkunga aliletewa kiti, akakikataa. Alikuwa amevaa gauni la buluu lenye mikunjo ya sandukuni. Mzee Kanuni alikuwa amekwenda nyumbani kwa Bibi Mkunga jana yake jioni. Walikaa sebuleni nusu saa mlango umefungwa. Alipotoka macho yalikuwa mekundu, na mkononi alishika pea ya soksi za kichanga za kumpelekea kitukuu chake. Bibi Mkunga hakumsimulia mtu waliyozungumza, hata binti yake.

Fundi alishuka na kalamu ya risasi. "Jina, bibi. Nitajie polepole. Nikikosea herufi, hatuna jiwe jingine."

Alimtajia, yote matatu, herufi kwa herufi, kama anavyomtajia mama mpya namba ya kitanda. Fundi akaandika, akamwonyesha, naye bibi akakubali. Nyundo ikaanza.

Saa sita mchana lango la upande lilifunguliwa wakaingia wanawake wawili wa sare nyeupe. Nyuma yao wanne. Nyuma yao kundi zima, wengine na saa zao za wodini zimebanwa kifuani, wengine wamestaafu zamani wakitembelea mikongojo. Mwalimu mkuu alikuwa amepiga simu moja tu, kwa chama cha wakunga, na simu hiyo ikazaa nyingine. Walinzi walijaribu kuwahesabu wakaacha walipofika sitini na kitu. Waliokuwa zamu asubuhi walikuwa na nusu saa tu kabla ya kurudi.

"Huyu ndiye wa kura ya sitini?" aliuliza mmoja wa wakunga vijana.

"Ndiye," Kupe alisema.

Hawakupiga kelele. Walimpitia mmoja mmoja, wakamshika mkono kwa mikono miwili, wakasema majina yao na wodi zao. Bibi Mkunga alimjibu kila mmoja, na wale wenye kucha ndefu akawakemea.

Fundi alipuliza vumbi la herufi ya mwisho, akashuka, akaondoa ngazi. Bibi Mkunga alisogea hadi ukutani. Hakuanza na jina lake. Alikwenda mwanzo kabisa wa safu ya Bunge la Tatu, akavaa miwani yake ya kamba, akaanza kusoma kwa sauti ya mtu anayeita mahudhurio. Kiti cha kwanza. Kiti cha pili. Wengi wao walikuwa wamekufa, wengine gerezani, wengine ugenini, na yeye aliwaita wote sawasawa, kila mmoja kwa jina lake kamili, akingoja kidogo baada ya kila jina kabla ya kwenda lifuatalo. Katibu wa Bunge, aliyekuwa akishuka ngazi na simu sikioni, akaikata akasimama alipokuwa.

Kupe alitazama saa. Nusu saa ya wakunga ilikuwa imekwisha, na hakuna aliyeondoka.

Kiti cha themanini na mbili. Kiti cha themanini na tatu. Bibi Mkunga alifika kwenye jiwe jipya, akalisoma jina, yote matatu, akangoja kama alivyowangojea wengine.

"Nipo," alisema.

Kisha akaendelea na kiti cha themanini na tano.